Barua ya wazi kwa watoto wetu wa Kisumu mnaotaka udaktari

Watoto wangu mliomaliza kidato cha nne, hamjambo. Mimi ni mama muuguzi mstaafu, nimefanya wodi na zahanati huku Kisumu miaka 31, na leo nawaandikia nikiwa na uchungu, maana juzi nimeshinda na msichana wa jirani hapa Manyatta akilia mpaka macho yamefura na babake ameketi kando kimya kama mtu ametoka matangani.

Mtoto alipata A-. Tangu yuko shule ya msingi anasema atakuwa daktari. Siku ya kutuma maombi KUCCPS, ile ofisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, akapewa pesa akaenda saiba, duka la intaneti, akampa kijana wa pale index namba ya mtihani, namba ya cheti cha kuzaliwa, kila kitu, halafu akaondoka akanunue sukari. Kurudi akaambiwa tayari imeingia, naye hakuuliza imeingia nini. Kumbe kijana amejaza udaktari nafasi zote, vyuo vile vinavyong'ang'aniwa na nchi nzima, na barua pepe, namba ya simu na paswodi ameweka zake yeye! Mtoto akakosa zote. Portal, ile tovuti ya maombi, ikafunguliwa tena kwa waliokosa wachague upya, ujumbe ukaenda kwa kijana wa saiba, na yeye ana wateja mia, atakumbuka nani? Kuja kushtuka dirisha limefungwa. Sasa ndio akatokea mwanaume mmoja anasema anajua mtu ndani, mzee akauza ng'ombe wawili, akampa elfu themanini. Simu yake haipatikani mpaka leo.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimgombeza mtoto, halafu nikamkumbatia, halafu nikamgombeza babake pia. Mnawezaje kukaa miaka minne mkilipa karo, mkinunua vitabu, mkiamka saa kumi usiku, halafu lile jambo la nusu saa linaloamua kila kitu mnampa mtu msiyemjua hata jina la pili? Nyinyi mko TikTok usiku kucha, simu mnazijua kuliko sisi, lakini fomu ya maisha yako inakushinda kujaza? Kama huna simu nzuri enda hiyo saiba, lakini kaa kwa hicho kiti, shika kibodi wewe mwenyewe, weka namba yako, paswodi andika kwa daftari ulifungie nyumbani. Na nafasi ya udaktari haiuzwi na mtu wa mtaani. Ukitaka kuhamia chuo kingine, KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho kwa portal hiyo hiyo, na alama lazima zifike.

Halafu someni alama zenu vizuri. A- peke yake haikupeleki. Kwa udaktari wanaangalia klasta, yaani kundi la masomo manne: Biolojia, Kemia, Hesabu au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili, na kila moja hapo uwe na angalau B. Ndio, Kiswahili kile mlikuwa mnakidharau. Alama ya klasta ni juu ya 48, portal inakuonyesha yako, inakuonyesha pia kila chuo kilikata wapi mwaka uliopita, yaani alama ya chini kabisa iliyoingia. Maseno, Moi, Egerton, Masinde Muliro, hawakati mahali pamoja. Linganisha. Usijaze kwa imani.

Mengine kwa ufupi. Ni miaka sita darasani na wodini, halafu mwaka mmoja wa intaniship, kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. HELB, mkopo wa serikali wa karo, omba mapema. Chuo cha kibinafsi uliza karo ya miaka yote sita, si ya muhula wa kwanza. Ukiambiwa kuna nafasi ng'ambo, enda kwanza KMPDC, baraza linalosajili madaktari, uulize kama hicho chuo kinatambuliwa, kabla mzazi hajauza shamba.

Na wazazi, hebu niwaambie nyinyi pia. Mtoto akikosa udaktari akapata KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, mnaficha sura kanisani kama ameiba. Nani aliyewatibu malaria miaka hiyo yote? Ni klinikal ofisa, ndiye mnamwita daktari kule zahanati, alisoma diploma miaka mitatu, na kuna wengine wamefanya kazi baadaye wakarudi chuo kusomea huo udaktari. Nimefanya kazi nao, nimeona wakiokoa mama na mtoto usiku wa manane stima imepotea. Na hata huo udaktari wenyewe serikali haijauheshimu. 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya sababu ni malipo ya intani, madaktari walio kwa ule mwaka wa intaniship, mkataba ulisema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Mtoto amesoma miaka sita, halafu mnamfanyia hivyo, na kesho mnashangaa akienda Uingereza. Inaniuma sana.

Huyu msichana wetu bado ana nafasi, dirisha la mwaka ujao atajaza tena kwa alama zile zile, na saa hii tumekaa naye tukaandika vyuo kwa karatasi, cha kwanza mpaka cha mwisho, na klasta ya kila kimoja kando yake. Wengine mlio karibu njooni Jumamosi asubuhi kanisani kwetu Manyatta. Beba result slip, kalamu na simu yenye chaji. Paswodi yako usinitajie hata mimi.