Sensa ya joto la gia boksi isibadilishwe kabla ya nyaya kupimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye magari ya otomatiki, hasa Toyota zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani, pamoja na mafundi wenzangu. Gari linaanza kushtuka likibadili gia, gia ya juu haiingii, taa ya injini inawaka. Mashine ya kusoma hitilafu inachomekwa, inaandika msimbo P0710, P0712 au P0713, na papo hapo mwenye gari anatumwa dukani kununua sensa ya joto la oili ya gia. Hapo ndipo fedha za watu zinapopotea. Msimbo ule unataja njia nzima ya umeme: sensa, nyaya zake mbili (wa ishara na wa ethi), plagi na kompyuta ya gari. Kilichokufa ni kipi, fundi ndiye anayepaswa kukitafuta.

Ukinzani wa sensa hii, yaani kiasi inachozuia umeme, hushuka kadiri oili inavyopata joto. Kwa Toyota nyingi, kwenye digrii 25 hupima karibu omu 3,500, na kwenye digrii 110 hubaki omu 250 hivi. Kompyuta hutoa volti 5 kupitia rezista yake ya ndani, halafu husoma volti zinazobaki kwenye waya wa ishara. Waya ukikatika, mashine huonyesha digrii 40 chini ya sifuri, nao msimbo ni P0713. Waya ukigusa bodi ya gari, huonyesha digrii 150, na hiyo ni P0712. Oili haiwezi kufika digrii 40 chini ya sifuri Dar es Salaam, kwa hiyo ukiiona namba hiyo anza kutafuta mahali palipokatika.

Gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, fungua swichi na utazame joto la oili ya gia, la maji ya injini na la hewa inayoingia. Yote matatu yanapaswa kukaribiana.

Oili ikisoma 40 chini ya sifuri, zima swichi na uchomoe plagi ya gia boksi. Humo zimo pia nyaya za solenoidi (valvu za umeme za gia boksi), na ukikosea pini unaweza kuiua kompyuta. Tumia mchoro wa nyaya wa gari hilo hilo, kisha hakikisha kwa multimita upande wa gia boksi: solenoidi nyingi hupima omu 5 hadi 15, wakati sensa ikiwa baridi hupima maelfu. Sasa unganisha kwa kipande cha waya zile pini mbili za sensa, upande unaokwenda kwenye kompyuta, ufungue swichi. Namba ikiruka hadi 150, nyaya za nje na kompyuta ni nzima, kosa limo ndani ya gia boksi. Isiporuka, unganisha waya wa ishara na bodi ya gari. Ikiruka sasa, waya wa ethi wa sensa ndio uliokatika. Bado haijaruka, ondoa kipande hicho cha waya, kisha pima volti kwenye waya wa ishara. Zisipokaribia 5, ufuate waya huo hadi kwenye kompyuta.

Kwa namba ya 150 kazi ni fupi: chomoa plagi tu. Ikishuka hadi 40 chini ya sifuri, kuna mgusano ndani ya gia boksi. Ikibaki pale pale, waya wa nje umechunika. Futa msimbo kwanza, maana baadhi ya kompyuta zikishaona hitilafu huweka namba yao wenyewe. Na taa ya kupimia yenye balbu isiguse nyaya hizi.

Kosa baya zaidi ni lile lisilowasha taa. Pini ikiota kutu ya kijani haikati umeme wote, inaongeza ukinzani. Chukua omu 250 za ziada. Asubuhi, juu ya omu 3,500, zinapotosha digrii mbili tu na kila kitu kinaonekana sawa. Oili ikifika 110, kompyuta inaona omu 500 na kuamini joto ni kama 85. Gari linapanda mlima Kitonga na mzigo, oili inaungua, na kompyuta haichukui hatua ya kuilinda. Kwa hiyo pima na gari likiwa la moto: kati ya ethi ya sensa na hasi ya betri zisizidi volti 0.1, na volti za ishara kwenye plagi zilingane na zile za kwenye kompyuta. Tikisa waya huku ukitazama namba. Maji ya presha ya kuoshea injini ndiyo huingia humo. Ukikuta pini za kompyuta zimelowa oili nyekundu, imepanda ndani ya nyaya kutoka gia boksi; badilisha lasteki ya plagi.

Ninaomba gereji ziandike kwenye risiti namba tatu kabla ya kumtuma mteja dukani: ya asubuhi, ya plagi ikiwa imechomolewa, na ya pini zikiwa zimeunganishwa. Katika gia boksi nyingi sensa iko ndani, kwenye valvu bodi (kipande chenye njia za oili ya kubadili gia). Kuifikia ni kumwaga oili, kushusha sampu (bakuli la oili la chini), gasketi mpya, na kujaza tena oili inayotakiwa, T-IV au WS, hadi kipimo chake. Mwenye gari ana haki ya kuziona namba hizo kabla boliti ya kwanza haijafunguliwa.

Fundi umeme wa magari,
Dar es Salaam