Somo, kanda yako nimeipata

Mikindani, Mtwara
Jumapili jioni

Somo yangu,

Salamu nyingi, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku wazima. Mama bado goti linamsumbua, lakini sauti yake ni ile ile, inafika mpaka pwani.

Wiki iliyopita tulikuwa tunatoa vitu chumba chake cha nyuma ili mafundi wabadilishe paa. Uvunguni kulikuwa na kopo la Blue Band limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na risiti za korosho za marehemu baba, shanga, na kanda yako. Ile ya mwaka 1991, uliyorekodi peke yako na gitaa kavu baada ya kuiacha bendi.

Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Kile kipande cha sufi kinachoukandamiza utepe kilikuwa kimedondoka na ukungu umeanza pembeni, hewa ya bahari unaijua. Nikafungua skrubu, nikauhamishia utepe kwenye ganda la kanda nyingine, nikauzungusha taratibu kwa kalamu kwenda na kurudi ndipo nikathubutu kuuweka kwenye redio. Mpwa wangu akaunganisha waya hadi kwenye kompyuta. Nyimbo nne, somo. Mvua inasikika kwenye bati. Mwisho wa wimbo wa pili mama anaita watu wakale.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu nisingeweza kulisema.

Kijana wangu aliniwekea muziki wa Mmarekani mmoja, Gary McFarland, mpigaji wa vibrafoni. Ifikirie dimbila ya Wamakonde, ila vibao vyake ni vya aluminiamu, na kwenye mdomo wa kila bomba chini ya kibao kuna kisahani kinachozungushwa na mota, ndiyo maana sauti inatetemeka kama maji. Na jazz yenyewe si ile yetu. Sisi tukisema jazz tulikuwa na maana ya Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, dansi la kutoa jasho. Wao kule ni muziki wa kukaa na kusikiliza. Bwana huyu aliwapangia muziki wapiga saksafoni kina Gerry Mulligan na Stan Getz, na mwaka 1963 ikatoka santuri yake na mpiga piano Bill Evans. Heshima yote ilikuwa mbele yake.

Mwaka 1964 akageuka. Akachukua nyimbo za The Beatles, akazitia mwendo wa Kibrazili, akapiga mluzi na kuimba bila maneno. Wapenzi wa jazz wengi wakaona amejiuza. Hakurudi nyuma. Mwaka 1971 akatoa pamoja na Peter Smith santuri ya nyimbo laini za roki, zenye maneno kabisa. Mwezi Novemba mwaka huo huo akafariki New York, ana miaka 38, kwa methadone iliyokuwa kwenye kinywaji alichokunywa baa. Miaka mingi baadaye ndipo santuri zake zikatolewa upya, na filamu ya maisha yake ikatengenezwa.

Nilimsikiliza usiku mzima, na nilikuwa nakufikiria wewe. Maana ule ulaini umebebwa na koodi nzito, zile noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Mpangaji wa muziki yumo bado, amekaa chini tu, hapigi kelele. Kwenye wimbo wako wa kivuko cha Msangamkuu ni vivyo hivyo: mtumbwi unapokaribia ng'ambo unashuka koodi tatu tulizokuwa tunaziwekea saksafoni wakati wa chemko, dansi linapokolea, lakini wewe unazigusa kwa vidole vitupu, moja moja. Nilikuwa mpiga besi wako miaka sita na sikuwahi kuzisikia hivyo.

Na tulikusema, somo. Tulisema umeishiwa, umekimbilia nyimbo za kubembelezea watoto. Mimi nilisema zaidi ya wenzangu kwa sababu ulipoondoka nilihisi umeniacha mimi. Uliniletea kanda hii mwenyewe, na nikaiacha mezani kwa mama bila kuisikiliza. Yeye ndiye aliyeitunza. Nisamehe.

Sijui kama unajua habari ya John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazz wa huko huko Marekani. Alirekodi Machi 1963, kampuni ikapoteza utepe wake, lakini nakala aliyokwenda nayo nyumbani ikabaki kwa familia ya Naima, mke wake wa kwanza. Ikatoka mwaka 2018. Kijana aliponisomea habari hiyo nilimtazama mama, yuko zake anachambua mchicha.

Nyimbo tatu ziko salama, nimekuwekea kwenye flashi, utaipata kwa dereva wa basi la asubuhi Jumatano, mwambie umetoka kwangu. Mlio wa utepe sikuuondoa. Ule wa nne, wa Msangamkuu, umeliwa na redio zamani huko, hatujui ya nani: unakatika ubeti wa tatu, pale mwanamke anapomwambia mpiga kasia asiharakishe. Mama anasema anaukumbuka, lakini anaimba kila siku maneno tofauti. Niandikie wewe. Kama umesahau, chukua gitaa ukae nalo kidogo, vidole vitakumbuka.

Somo wako