Mama Salma, naomba unifikie Posta

Shoga yangu Mama Salma,

Hujambo wewe na watoto? Mguu wa mama unaendeleaje? Sisi wazima, ila baridi inatutia adabu. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na ile sauti uliyonitumia niliisikiliza mara mbili nisiijibu. Nisamehe sana. Leo nimeandika kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi, na mwenye kunisaidia ni wewe.

Huku Marekani Februari ni mwezi wa historia ya watu Weusi. Nuru akashikilia tumpeleke Boston akaone masanamu. Nyuzi 9 chini ya sifuri! Baba yake akasema tungoje joto, mtoto akagoma. Basi makoti, soksi mbilimbili, tukapanda treni.

Tulianzia kwenye mikono ya Martin Luther King na mkewe Coretta, pale bustani ya Boston Common. Ni mikono tu iliyokumbatiana, vichwa hakuna, kimo kama mita 6. Iliwekwa 2023 na wengi waliisema vibaya. Mimi nimeipenda. Unaingia chini yake unasimama katikati ya kumbatio, na wenyewe walikutana mji huohuo wakiwa wanafunzi. Theluji ilikuwa imelala kwenye mkunjo wa kiwiko. Nuru akavua glavu apapase vidole vya shaba, akaurudisha mkono mbio kwapani kwangu.

Sasa lililonishika ni la pale juu, ng'ambo ya jengo la serikali lenye kuba la dhahabu. Kuna ukuta wa shaba wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari Weusi waliopigana vita vya kukomesha utumwa. Mzungu Shaw, kamanda wao, yuko juu ya farasi, wao wanatembea kwa miguu, kila mmoja na sura yake: huyu mzee wa ndevu, yule mpiga ngoma bado mtoto kabisa. Walikuwa wanalipwa pungufu ya wenzao weupe, wakakataa kupokea hata senti kwa miezi 18, na huku wanapigana na kufa! Nuru akauliza, "Mama, hawa wanaitwa nani?" Tukazunguka nyuma. Mnara ni wa 1897, majina ya maofisa weupe yapo tangu mwanzo. Ya askari Weusi waliouawa yaliongezwa 1982. Miaka 85, Mama Salma. Nikasimama kwenye theluji nayasoma moja moja, Baba Nuru ananiita twende mtoto anaganda.

Nikamkumbuka baba yake bibi. Yule aliyechukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza vita vya Mjerumani, asirudi, kaburi halijulikani. Kariakoo yetu jina lake limetokana na hao hao wapagazi, na mimi nimenunua vitenge pale miaka yote bila kumuwaza. Na Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, ya 1927, imeandikwa kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Mimi ni kitukuu wake na silijui! Bibi alikuwa akisema "baba" tu.

Nuru amechora wapagazi na mizigo yao kichwani, kaubandika mchoro jikoni. Chini kaacha nafasi.

Basi nakuomba, ukienda mjini nipigie picha ile sanamu pande zote nne, maandishi yasomeke. Halafu nipitie kwa shangazi Magomeni. Bado anasikia vizuri? Anamjua babu yake kwa jina, na jina la baba yake pia? Alichukuliwa kutoka kijiji gani? Au ya kwenu mliwahi kuyauliza, maana nanyi mlikuwa na mzee aliyekwenda huko? Muulize asubuhi, kabla hajachoka, na umrekodi sauti. Nauli nakutumia Ijumaa.

Wako,
Mama Nuru