Tusiishie kwenye vitone vya rangi

Mhariri,

Makala nyingi kuhusu mchoro wa Mfaransa Georges Seurat wa Jumapili kisiwani Grande Jatte, katika mto Seine karibu na Paris (1884–86, sasa uko Chicago), huanza na vitone vya rangi alivyouchorea na kuishia hapo hapo. Watu je? Tazama kona ya chini kushoto: mwanamume mwenye fulana isiyo na mikono amejilaza akivuta kiko, na karibu naye kabisa ameketi bwana wa kofia ndefu, fimbo mkononi. Wanakaribia kugusana, lakini hawatazamani. Matabaka ya jamii yanasomeka hapo zaidi kuliko kwa yule tumbili wa kamba, upande wa kulia, ambaye kila mtu humkimbilia.

Kisha uweke kando yake mchoro mwingine wa Seurat, wa waogaji wa Asnières, kitongoji cha Paris (1884, sasa uko London), nao, kama huo wa kwanza, ni karibu mita 2 kwa 3. Mto ni uleule, Seine, ila ng'ambo: vijana kimya, dohani za viwanda vya Clichy zikifuka nyuma yao.

Ila nyasi zilizofifia za Grande Jatte zisichukuliwe kuwa huzuni. Rangi ya manjano ya zinki aliyotumia Seurat iligeuka kahawia. Jua lake lilikuwa kali zaidi.

Msomaji wenu