Tyubu imeandikwa digrii 1,700, mbona imepinda kwenye 1,500?

Hili swali tunaletewa sana na watu wa maabara wenye matanuri ya umeme, na wengi wanakuja wamefura wakijua wameuziwa feki. Mara nyingi siyo feki. Namba ya katalogi inakwambia alumina, seramiki iliyotengenezea tyubu, itastahimili moto (yenyewe inayeyuka kwenye digrii 2,050 hivi), haikwambii itakaa imenyooka mpaka lini ikiwa imelala humo inabeba uzito wake wiki nzima.

Seramiki ya baridi haipindi, inavunjika tu. Ila ukivuka digrii 1,200 huko na kuendelea, punje zake, yaani chembe ndogo zinazoiunda, zinaanza kuhama kidogo kidogo, na hapo ndo tyubu inashuka tumbo. Sasa kuna kitu kinachanganya hata mafundi: alumina ya punje ndogo ndo imara zaidi ikiwa baridi, lakini kwenye moto mkali ndo inalegea haraka, punje zikiwa nusu ya ukubwa kasi ya kulegea inaweza kupanda mara 4 mpaka 8. Ikiwa na silika ndani ndo balaa, silika inakaa kati ya punje na punje kama kioo na kioo kikipata moto kinalainika, kwa hiyo zile tyubu zenye alumina asilimia 96 tu za bei poa hatukuuzii kwa kazi ya digrii 1,500 hata ubembeleze. Na usisahau maegemeo, zile sehemu tyubu inapolalia, ukizidisha umbali kati yake mara mbili, mkazo wa uzito wa tyubu unapanda mara 4.

Kupasuka ni habari nyingine. Tyubu mbili za boksi moja hazifanani, kila moja ina vijiufa vyake usivyoviona, ndo maana tunatumia hesabu za Weibull, mhandisi mmoja Msweden, zinazotoa uwezekano wa kupasuka badala ya namba moja ya uhakika. Wewe kazi yako ni kupandisha joto polepole, digrii 3 mpaka 5 kwa dakika, na kushusha hivyo hivyo.

Ukitaka tukupigie hesabu tuma WhatsApp joto la juu, masaa linakaa hapo, kipenyo cha nje na ndani, na umbali wa maegemeo. Tuma na picha ya tyubu ya zamani, rula ikiwa imelazwa juu yake. Kama imeshuka milimita chache tu usinunue mpya kwanza, subiri ipoe kabisa, izungushe nusu duara tumbo liangalie juu, endelea na kazi.