Redio ile haikuimba, iliimbishwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuliandikia hata mstari mmoja. Nimevumilia mafumbo ya maneno yasiyo na majibu, nimevumilia picha za viongozi wakikata utepe mara tatu ukurasa mmoja. Lakini makala yenu ya Jumapili iliyopita, ile ya kusifia vipindi vya televisheni vya kufufua redio na vyombo vya zamani, imenifikisha mwisho. Mwandishi wenu anaamini vipindi hivyo vinampa fundi heshima yake. Fundi yupi huyo? Labda wa huko alikokaa yeye akitazama.

Vipindi vyenyewe, vya nje na hivi vya kwetu vya kuigiza, vina mwendo mmoja. Vumbi linapulizwa. Mbao inapakwa vanishi mpaka inang'aa. Kinanda kinalia taratibu, tangazo la sabuni linapita, tukirudi redio inaimba na mwenyewe anafuta machozi. Kati ya vumbi na machozi kuna kitu kimerukwa, nacho ndicho kazi yenyewe: kutafuta ubovu. Vanishi hata mtoto anapaka.

Mimi nimetengeneza redio hapa Arusha tangu kiwanda cha Philips kikiwa hai. Leo vijana wanamwambia kondakta "Philips nashuka" na hawajui kama hapo ziliunganishwa redio zilizokwenda mpaka vijijini ambako umeme ulikuwa haujafika. Dar es Salaam nako Matsushita walikuwa na National zao na betri zao. Hazikuwa pambo hizo. Mwaka 1973 watu walikaa vikundi vikundi kuzizunguka wasikilize Mtu ni Afya, kampeni ya afya ya redioni, wakaondoka hapo na majembe kwenda kuchimba vyoo. Betri zikiishiwa nguvu zilianikwa juani. Redio ikifa, ililetwa kwangu imefungwa nyuma ya baiskeli, na aliyeileta alisubiri.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Mwaka jana kituo kimoja cha televisheni (sikitaji, wenyewe wanajijua) kikaamua nacho kiwe na kipindi cha namna hiyo. Wakafika kibandani kwangu na gari limejaa taa. Mezani palikuwa na Philips ya boksi la mbao, mali ya mama mmoja wa Usa River, mashine ya transista, ina mawimbi ya kati na mafupi, FM haina. Ilikuwa bubu kabisa. Nilishatoa mayai ya mende, nilishasugua kutu ya betri zilizovujia kwenye springi, nilishabadilisha kapasita (vile vikopo vya kutunza chaji) zilizokauka, na nilikuwa nimefika kwenye transista zake za mbele, zile zinazokuza mawimbi yanayoingia, aina ya AF117. Fundi yeyote wa zamani akisoma hapo atacheka. AF117 ni kikopo kirefu chenye miguu minne, mmoja ni wa gamba, na maradhi yake ni ya pekee: miaka inavyokwenda, bati la ukuta wa ndani linaota nywele ambazo bila lenzi huzioni, zinarefuka mpaka zinagusa nyaya za ndani na kuzishotisha na gamba. Redio inakufa na hakuna kilichoungua. Unaweza kukata mguu wa gamba, ukabahatisha, ikapona kwa muda. Dawa ya kweli ni kuweka nyingine, na transista za germaniamu kama hizi siku hizi huendi Kariakoo ukaziokota.

Mtangazaji, binti mchangamfu ambaye simlaumu sana, akaniamkia vizuri, akauliza, "Babu, itachukua muda gani?" Nikamwambia nikipata spea, wiki mbili, nisipopata, Mungu anajua. Akasema wao wana saa mbili.

Hapo ndipo ukaanza mchezo. Nikavalishwa aproni ya ngozi ambayo sijui waliazima kwa fundi viatu gani. Nikaambiwa vumbi nililolitoa nilirudishe ili nilipulize tena mbele ya kamera, na kwa kuwa nilikuwa nimeshalifagia, kijana mmoja akaenda kuchota jingine barabarani na kuninyunyizia ndani ya redio ya mtu. Ndani ya redio ya mtu, Mhariri! Kisha wakataka nionekane nazungusha koili za ayeefu, zile za kuchuja stesheni, kwa bisibisi ya chuma, kwa sababu zinang'aa. Nikakataa. Koili zile zimepangwa kiwandani, bisibisi ya chuma inapasua kiini chake, na mpangilio ukishavurugika redio inapokea stesheni tatu kwa mpigo au haipokei hata moja. Basi wakapiga picha mkono wa kijana wao mwenyewe, juu ya koili za redio nyingine niliyokuwa nimeiweka pembeni kwa ajili ya spea. Nilipoulizwa nijisikieje kuokoa historia, nilijibu kwamba sijaokoa kitu, redio bado mbovu. Jibu hilo sikuliona kwenye kipindi. Wakanipa soda, wakazima taa zao, wakaondoka.

Kipindi kikarushwa Jumamosi usiku. Mhariri, redio ile inaimba! Muziki wa dansi, safi, hauna hata mkwaruzo, na mshale umesimama kwenye mita 49 saa saba mchana, bendi ya mawimbi mafupi ambayo hata mwanafunzi wa fundi anajua inafunguka jua likishazama. Isitoshe, mshale wenyewe haukuwa na uzi wa kuuvuta. Uzi wake ulikuwa kwenye kopo la kahawa, na anayetazama vizuri atauona upande wa kushoto wa picha, umening'inia nje ya kopo wakati redio inatumbuiza. Juu ya hayo msimulizi anatuambia kwa sauti ya mazishi kuwa hii ni redio ya enzi za mkoloni. Mgongoni ina kibandiko kinachosema imetengenezwa Tanzania! Mkoloni aliondoka Tanganyika mwaka 1961, jina la Tanzania lenyewe limezaliwa mwaka 1964, huyo mkoloni aliinunua wapi?

Jumatatu asubuhi mama wa Usa River akasimama mlangoni na kanga ya kuifungia. "Fundi, shikamoo. Nimefuata redio yangu." Nikamwambia, mama, haijapona. Akanitazama kama mwizi wa kuku. "Mzee wangu, juzi imeimba mbele ya wajukuu zangu wote. Kama unataka nikuongeze pesa, sema tu." Nikatia betri mpya mbele yake, nikawasha. Kimya. Nikafungua volyumu mpaka mwisho. Kimya. Badala ya kunielewa akahitimisha kwamba nimeibadilisha mashine, ile iliyoimba nimeiuza, hii nimempa gamba. Wiki ile ile habari ilizunguka soko zima kuwa fundi fulani anakula vyombo vya watu. Wengine waliokiona kipindi wakaniletea masanduku yao yaliyokaa darini tangu marehemu fulani alipofariki, wakavuta kiti, wakaagiza chai, wasubiri yapone. Nilipowatajia bei na muda, wakaniuliza mbona kwenye televisheni ilikuwa dakika kumi na bure. Nilipiga simu kituoni. Nikajibiwa kuwa watazamaji wanapenda mwisho mzuri, na kwamba nishukuru nimetangazwa.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, niseme na hili. Hao wanaotuhuzunisha leo kwa ajili ya vyombo vya zamani ndio hao hao waliotukimbiza kuvitupa. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata, nani alikaa na wananchi akawaonyesha taratibu kwamba king'amuzi kina matundu yake matatu, jekundu, jeupe na la njano, na kwamba chogo, televisheni nene ya zamani, iliyokuwa na matundu hayo ingeendelea kufanya kazi kama kawaida? Matangazo ya kuuza ving'amuzi tuliyaona kutwa. Watu wakaamini televisheni zao zimekufa. Nimeokota chogo jalalani, flaibeki yake ya kutoa umeme mkali nzima, tyubu ina mwanga wa kutosha, kosa lake ni kuwa nene. Leo kijana ananijia anatafuta chogo kwa udi na uvumba kwa sababu ameona mtu akichezea magemu ya zamani, yapendeza eti kwenye kioo kile. Mwingine kaniletea redio ya mbao niitoe matumbo yote, niache boksi, nimwekee kibati cha blututhi na taa za rangi. Nilimwelekeza kwa seremala.

Spea feki nitaziandikia barua yake. Nimefungua kapasita kubwa iliyoandikwa volti na mikrofaradi za kutisha, ndani nikakuta ndogo imelala kama... basi, tuiache.

Ninachopendekeza hakihitaji kamati. Redio yoyote itakayodaiwa kupona kwenye televisheni, waje kuipiga picha usiku, si mchana. Iwekwe mezani na saa ya ukutani nyuma yake. Kamera isikatwe. Mkono wa fundi, si wa kijana wa taa, uzungushe mshale kutoka mwanzo wa bendi mpaka mwisho, tusikie mikwaruzo, tusikie Kiarabu, Kifaransa, Kichina, yote yanayopita hapo kwenye mawimbi mafupi, kisha itulie kwenye stesheni moja na mtangazaji aitaje saa, ilingane na ile ya ukutani. Isipolingana, mkurugenzi wa kipindi aende mwenyewe Usa River akaeleze. Na kama kweli wanapenda historia, watuonyeshe hatua zote: saa nne nzima za fundi na mita yake akipima transista moja baada ya nyingine bila kusema neno, halafu zile wiki za kusubiri spea, siku baada ya siku, baada ya taarifa ya habari. Wadhamini watapatikana. Mbona mpira usio na goli tunaonyeshwa mpaka mwisho?

Bisibisi yangu ya plastiki ya kurekebishia koili, ya kijani, iliyoondoka na gari lao siku ile, irudishwe kupitia ofisi yako. Nitaifuata mwenyewe.

Fundi redio wa zamani,
Arusha