Risala ya Klabu ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa, sisi wanachama wa Klabu ya Kompyuta tunakukaribisha na kukushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutusikiliza.

Mheshimiwa, mwaka huu tulijipa kazi ya kufuatilia asili ya maneno tunayoyatumia kila tunapokaa mbele ya mashine. Tulianza na neno kompyuta lenyewe. Kwa zaidi ya miaka 300 neno hilo lilimtaja mtu: yule aliyeajiriwa kukaa na kalamu akipiga hesabu kutwa nzima. Katika karne ya 20 wengi wao walikuwa wanawake. Katherine Johnson aliingia kazi hiyo mwaka 1953 katika maabara ya Langley, Marekani. Mwaka 1962, kabla John Glenn hajarushwa kwenda kuizunguka dunia, rubani huyo aliomba Bi. Johnson azihakiki kwa mkono hesabu zilizotolewa na mashine. Wasichana wa klabu yetu waliomba habari hii isikose katika risala, na sote tuliafiki.

Neno algorithimu nalo limetokana na jina la mtu, al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Maandishi yake kuhusu tarakimu za Kihindi yalipotafsiriwa kwa Kilatini, jina lake liliandikwa Algoritmi, na baadaye likawa jina la utaratibu wowote wa kukokotoa. Hata aljebra imetoka katika anwani ya kitabu chake kingine. Anayedhani taaluma hii ni mali ya Ulaya na Marekani peke yake, na aanzie hapo.

Neno lililotushughulisha zaidi ni bagi, yaani mdudu, ambalo waandishi wa programu hulitumia kutaja kosa. Wengi husimulia kwamba lilizaliwa tarehe 9 Septemba 1947 katika Chuo Kikuu cha Harvard, mafundi walipomkuta nondo, mdudu afananaye na kipepeo, amenasa katika rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) namba 70 ya kompyuta iitwayo Mark II. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika saa, 9:45 alasiri, na kando yake wakaeleza kwamba hiyo ni mara ya kwanza mdudu halisi kupatikana. Daftari hilo limehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Washington, nondo akiwa bado ukurasani. Lakini tazama neno "halisi". Lisingeandikwa kama mafundi hawakuwa tayari wakiita hitilafu mdudu. Na kweli, mvumbuzi Thomas Edison alilitumia kwa maana hiyo katika barua ya mwaka 1878. Kwa hiyo nondo tunamuenzi, ila hakulianzisha neno.

Kipanya, kifaa cha mkononi cha kusogezea mshale kwenye skrini, nacho kina historia yake. Cha kwanza, cha mwaka 1964, kilikuwa kiboksi cha mbao chenye kitufe kimoja juu, magurudumu mawili chini, na waya uliotokea nyuma kama mkia. Mbunifu wake, Douglas Engelbart, alisema hakuna aliyekumbuka nani alianza kukiita hivyo. Neno biti, yaani tarakimu moja ya 0 au 1, lilipendekezwa na mwanahisabati John Tukey, na mwenzake Claude Shannon akalitumia katika makala yake ya mwaka 1948. Baiti, yaani kundi la biti, ni neno la mhandisi wa kompyuta Werner Buchholz, mwaka 1956, naye alibadilisha herufi moja ya neno la Kiingereza "bite" likawa "byte", kwa makusudi ili lisichanganywe na biti ("bit").

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maelezo haya na mengine tumeyaandika kwa mkono katika kijitabu kimoja, na kila anayejiunga na klabu hulazimika kusubiri zamu ya kukisoma. Tunakuomba utusaidie kukichapa, na utupatie kamusi za kompyuta za Kiswahili ili tuendelee na maneno yaliyobaki. Tunaahidi kuvitunza na kuvitumia.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Kompyuta